Stéphane Chapuisat: mshambuliaji kutoka nchi ya komeo

Stéphane Chapuisat alizaliwa Lausanne, magharibi mwa Uswisi, tarehe 28 Juni 1969. Alicheza soka ya ushindani kwa takriban miaka 20, na minane kati ya hiyo, kuanzia 1991 hadi 1999, aliitumia akiwa na Borussia Dortmund ya Ujerumani. Akiwa huko alifunga mabao 102 ya ligi, akatwaa ubingwa wa Bundesliga mara mbili, na mwaka 1997 akawa Mswisi wa kwanza kushinda Ligi ya Mabingwa Ulaya. Aliichezea timu ya taifa mechi 103. Kwa nchi ambayo sifa yake uwanjani ilijengwa na ulinzi, huyu alikuwa mtu wa aina nyingine.

Sifa hiyo ya ulinzi ilianza katika miaka ya 1930, kwa kocha Karl Rappan kutoka Austria, aliyefundisha Servette ya Geneva na baadaye Grasshoppers ya Zürich. Wachezaji wa Uswisi wakati huo wengi walikuwa na kazi nyingine za kuwapa riziki, na wasingeweza kushindana kwa pumzi na ufundi na watu waliolipwa kucheza tu. Rappan akawapangia mtindo wa kuvuta timu nzima nyuma mpira unapopotea, huku beki mmoja akibaki nyuma ya wenzake wote kuzoa kila kilichopenya. Waswisi wanaosema Kifaransa waliuita mtindo huo *verrou*, yaani komeo la mlango. Katika Kombe la Dunia la 1938, mjini Paris, komeo hilo liliitoa Ujerumani, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imeimeza Austria na kuwachukua wachezaji wake: sare ya 1–1 kwanza, kisha 4–2 katika mechi ya marudio, Waswisi wakiwa wametanguliwa kwa mabao mawili. Waitalia nao walikuja kuwa na mtindo wao wa kufunga mlango, na wakauvumisha kuliko wenyewe walioutangulia.

Komeo nalo hushindwa. Tarehe 26 Juni 1954 Uswisi, iliyokuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia, ilikutana na Austria katika robo fainali kwenye uwanja wa La Pontaise, Lausanne, chini ya jua kali mno. Ndani ya dakika 19 Waswisi walikuwa mbele kwa 3–0. Hadi mapumziko walikuwa nyuma kwa 5–4, na mechi ikaisha 7–5 kwa Austria. Hakuna mechi nyingine ya Kombe la Dunia iliyozaa mabao 12. Josef Hügi wa FC Basel alifunga matatu siku hiyo na kumaliza mashindano akiwa na sita. Hakuna Mswisi aliyemfikia katika fainali moja za dunia. Baada ya hapo nchi ikaanza kusinzia. Mwaka 1966, Uingereza, ilipoteza mechi zote tatu, na ikakaa miaka 28 bila kufuzu tena. Mtoto aliyezaliwa Lausanne mwaka 1969 alikua bila kuiona nchi yake katika fainali zozote kubwa.

Nyumbani kwao mpira haukuwa jambo la kutazamwa kwa mbali. Baba yake, Pierre-Albert Chapuisat, aliyejulikana kwa jina la utani Gabet, alikuwa beki wa timu ya taifa, mkali na asiyeogopa kugongana. Mwaka 1985, katika mechi kati ya Vevey na Servette, rafu ya Gabet ilimvunja goti Lucien Favre, kiungo maridadi kuliko wote nchini wakati huo, na shauri hilo likafika mahakamani. (Favre alirudi uwanjani, akawa kocha, na miaka zaidi ya 30 baadaye akaja kuifundisha Borussia Dortmund. Soka ya Uswisi ni kijiji.) Mwana hakurithi ukali wa baba. Alikuwa mpole hadi kuonekana mwenye haya, mguu wake wa kushoto ndio uliofanya kazi karibu zote, na silaha yake ilikuwa kumgeuza beki kwenye nafasi finyu kisha kupiga kabla kipa hajajipanga.

Alianzia klabu ndogo ya Malley, katika vitongoji vya Lausanne, na mwaka 1987 akaingia Lausanne-Sport, wenyeji wa La Pontaise ileile. Katikati ya mwaka 1989, akiwa hajatimiza miaka 20, aliitwa timu ya taifa na kuingia katika mechi ya kirafiki dhidi ya Brazil mjini Basel, ambayo Uswisi ilishinda 1–0. Bao lilikuwa la Kubilay Türkyilmaz, mshambuliaji wa Ticino mwenye asili ya Kituruki, ambaye mwaka uliofuata alivuka mpaka kwenda Bologna, Italia. Milango ilikuwa inaanza kufunguka. Hadi hapo Mswisi aliyecheza vizuri alitegemewa abaki nyumbani, na ligi za jirani ziliwatazama Waswisi kama watu wa saa na benki.

Mlango wa Chapuisat ulifunguka Januari 1991, nao haukuwa wa kifahari. Bayer Uerdingen, timu ya mji wa viwanda wa Krefeld, ilikuwa inapigania kutoshuka daraja. Alicheza mechi 10, akafunga mabao manne, na timu ikashuka. Kwa kijana wa miaka 21 huo ungeweza kuwa mwisho wa safari ya Ujerumani. Kilichomwokoa ni kwamba kiangazi cha mwaka huohuo Borussia Dortmund ilimwajiri Ottmar Hitzfeld. Hitzfeld ni Mjerumani wa Lörrach, mji ulio mlangoni mwa Basel. Alikuwa mshambuliaji wa FC Basel, na kazi yake yote ya ukocha hadi wakati huo aliifanya Uswisi, mwisho akiwa Grasshoppers. Hakuhitaji kuambiwa Chapuisat ni nani.

Dortmund ilikuwa klabu ya makaa ya mawe na chuma, yenye mashabiki wengi na kabati lililokuwa tupu kwa muda mrefu: ubingwa wake wa mwisho ulikuwa wa 1963, mwaka ambao Bundesliga yenyewe ilikuwa haijaanza. Msimu wa 1991–92 ulikuwa mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa klabu za iliyokuwa Ujerumani Mashariki ziliingizwa na timu zikawa 20, raundi 38. Chapuisat alifunga mabao 20, mawili tu nyuma ya mfungaji bora, Fritz Walter wa Stuttgart, na mashabiki wakamfupisha kuwa Chappi. Kwamba hilo pia ni jina la chakula cha mbwa katika maduka ya Kijerumani halikumkera yeyote.

Siku ya mwisho ya msimu huo, tarehe 16 Mei 1992, inastahili kusimuliwa. Timu tatu ziliingia uwanjani zikiwa na pointi sawa: Eintracht Frankfurt, Stuttgart na Dortmund. Chapuisat aliifungia Dortmund bao mapema ugenini Duisburg, na timu yake ikalilinda hadi mwisho. Frankfurt ilikuwa imekwama Rostock. Stuttgart ilikuwa sare Leverkusen, na kwa matokeo hayo bingwa alikuwa Dortmund. Dakika ya 86 Guido Buchwald, kiungo mkabaji, alipiga kichwa na kuifungia Stuttgart bao la pili. Stuttgart na Dortmund zikamaliza na pointi 52 kila moja, tofauti ya mabao ikaamua, na bao la Duisburg likabaki bao la ubingwa kwa muda usiotimia saa moja na nusu.

Msimu uliofuata Dortmund ilifika fainali ya Kombe la UEFA na kuchapwa na Juventus: 3–1 nyumbani, 3–0 Torino. Kwa matokeo ni kipigo cha aibu. Kwa historia ya klabu ni kati ya miezi yenye faida kubwa kuliko yote. Dortmund ilibaki klabu pekee ya Ujerumani katika mashindano hayo, hivyo fedha za televisheni zilizotengwa kwa Wajerumani zikamiminikia kwake. Fedha hizo zilinunua Wajerumani waliokuwa Italia: Karl-Heinz Riedle kutoka Lazio mwaka 1993, Andreas Möller na Jürgen Kohler kutoka Juventus hiyohiyo baadaye. Chapuisat, aliyefunga mabao 15 mwaka ule na 17 mwaka uliofuata, sasa alikuwa na watu wa kumpa pasi.

Wakati huo timu ya taifa nayo iliamka. Roy Hodgson, Mwingereza aliyejifunza kazi Sweden, aliichukua mwaka 1992 na kuipa mtindo wa mistari miwili ya watu wanne iliyosogea pamoja kama kamba. Rappan angelitambua wazo la nidhamu, ila mstari wa Hodgson ulipanda mbele badala ya kurudi nyuma. Kundi la kufuzu Kombe la Dunia la 1994 lilikuwa na Italia, Ureno na Scotland. Oktoba 1992, mjini Cagliari, Christophe Ohrel na Chapuisat waliiweka Uswisi mbele kwa 2–0 dhidi ya Italia, na wenyeji wakasawazisha dakika za mwisho kabisa. Mei 1993, mjini Bern, Italia ilifungwa 1–0. Uswisi ilimaliza ya pili, Ureno na Scotland zikabaki nyumbani.

Siri haikuwa Hodgson peke yake. Kikosi kilichokwenda Marekani mwaka 1994 kilikuwa cha kwanza cha Uswisi ambacho uti wake wa mgongo ulipata mshahara nje. Ciriaco Sforza alikuwa Kaiserslautern, Alain Sutter alitoka Nürnberg, Adrian Knup alikuwa ametua Stuttgart mwaka 1992, na Chapuisat alikuwa ametangulia wote hao kwenye Bundesliga. Türkyilmaz hakuwemo. Mechi mbili za kwanza zilichezwa ndani ya jumba lenye paa, Pontiac Silverdome, karibu na Detroit. Ya kwanza, dhidi ya wenyeji, iliisha 1–1. Ya pili, tarehe 22 Juni, ilikuwa dhidi ya Romania ya Gheorghe Hagi, iliyokuwa imeiadhibu Colombia siku chache kabla. Sutter alifunga, Hagi akasawazisha, Chapuisat akarudisha uongozi dakika ya 52, na Knup akamalizia kwa mawili: 4–1. Pengine hiyo ndiyo mechi bora ya Uswisi katika nusu ya pili ya karne ya 20. Haikudumu. Colombia iliifunga 2–0, na katika hatua ya mtoano Hispania ikaipeleka nyumbani kwa 3–0.

Chapuisat alirudi Dortmund akiwa na miaka 25, kwenye kilele cha uwezo wake, na hapo ndipo mwili ulipomsaliti. Msimu wa 1994–95 alikuwa amefunga mabao 12 katika mechi 20 za ligi wakati kano ya goti ilipokatika. Mdenmark Flemming Povlsen, mshambuliaji mwenzake, alikuwa ameumia goti vilevile msimu huohuo. Hitzfeld akalazimika kuwatuma vijana: Lars Ricken, mzaliwa wa Dortmund, aliyekuwa na miaka 18, na Ibrahim Tanko kutoka Ghana, mwenye 17. Tarehe 17 Juni 1995 Dortmund iliifunga Hamburg 2–0, Ricken akiwa mmoja wa wafungaji, Bremen, iliyokuwa ikiwania taji hilohilo, ikapoteza München, na ubingwa uliosubiriwa miaka 32 ukafika. Medali ya Chapuisat ilikuwa halali, lakini siku yenyewe alikuwa mtazamaji. Msimu uliofuata Dortmund ilitetea taji lake. Yeye, akiwa ametoka kuuguza goti, alifunga matatu tu.

Alirudi kwa wakati kwa Euro 1996 nchini Uingereza, ya kwanza kwa Uswisi. Hodgson alikuwa ameondoka, na Mreno Artur Jorge aliyemrithi aliwaacha Sutter na Knup, uamuzi uliowatia wazimu waandishi wa magazeti. Sare moja, vipigo viwili, bao moja la penalti la Türkyilmaz aliyekuwa amerejea. Hakuna zaidi la kusema juu ya safari hiyo.

Mwaka uliofuata ulikuja usiku unaolifanya jina lake litajwe, ingawa katika picha zake maarufu hayumo. Tarehe 28 Mei 1997, katika Uwanja wa Olimpiki wa München, Dortmund ilikutana na Juventus katika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Juventus walikuwa mabingwa watetezi, wenye Zidane, Deschamps na Vieri. Dortmund nao walianza na watu wanne waliowahi kuvaa jezi ya Juventus: Kohler, Stefan Reuter, Möller na Paulo Sousa. Mbele walisimama Riedle na Chapuisat. Mscotland Paul Lambert alipewa kazi moja, kumfuata Zidane kila aendako, na aliifanya. Riedle alifunga dakika ya 29 na ya 34. Alessandro Del Piero, aliyeingia baada ya mapumziko, alirudisha moja kwa kisigino dakika ya 65, na Juventus wakaanza kunusa sare. Hitzfeld alikuwa anafanya mabadiliko. Riedle alikwishatoka, na dakika ya 70 Chapuisat naye aliitwa benchi, nafasi yake ikachukuliwa na Ricken. Möller akampa Ricken pasi ya kupenya. Kijana, kwa mguso wake wa kwanza, akaunyanyua mpira kutoka mbali ukampita juu ya kichwa kipa Angelo Peruzzi. Zilikuwa zimepita sekunde 16 tangu aingie. Dortmund 3, Juventus 1.

Ubingwa wa Ujerumani ulikamilishwa na watu wengine huku yeye akiuguza goti, na bao lililomaliza fainali ya Ulaya lilifungwa na aliyempisha. Ni rahisi kutokana na hayo kumwona Chapuisat kama mtu aliyebebwa na timu. Hesabu inakataa. Msimu ule wa 1996–97, baada ya goti kushonwa, alifunga mabao 13 ya ligi, na uliofuata 14. Machi 1998 Dortmund na Bayern München zilikutana katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wajerumani kwa Wajerumani. Mechi ya kwanza München ilikuwa 0–0. Ya pili, Dortmund, ilikwenda muda wa nyongeza bila bao hadi dakika ya 109, Chapuisat alipotikisa nyavu na kuitoa Bayern. Bao hilo ni lake bila ubia.

Alipoondoka Ujerumani mwaka 1999 alikuwa na mabao 106 ya Bundesliga, idadi ambayo hakuna mgeni mwingine aliyekuwa ameifikia. Alikuwa amempita Cha Bum-kun wa Korea Kusini, aliyekuwa na 98. Rekodi ilivunjwa miaka michache baadaye na Mbrazil Giovane Élber, ambaye kabla ya kwenda Stuttgart alikuwa ameichezea Grasshoppers ya Zürich. Kwa hiyo rekodi ilihama jina huku ikibaki na alama ya Uswisi.

Washambuliaji wengi hurudi nyumbani kula kiinua mgongo. Chapuisat alirudi Uswisi akiwa na miaka 30 na akacheza misimu saba mingine. Akiwa na Grasshoppers alikuwa bingwa wa nchi mwaka 2001, taji la ligi ya nyumbani ambalo hakuwahi kulipata alipokuwa kijana, na mfungaji bora wa msimu huo kwa mabao 21, akilingana na Muajentina Christian Giménez. Alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka, kama ilivyokuwa mara tatu mfululizo kuanzia 1992. Mwaka 2002 alihamia Young Boys ya Bern, iliyokuwa ikihangaika katika kiwanja kidogo cha Neufeld huku Wankdorf, uwanja wa fainali ya dunia ya 1954, ukiwa umebomolewa ujengwe upya. Msimu wa 2003–04, akikaribia miaka 35, alifunga mabao 23 na kuwa mfungaji bora tena.

Mabao hayo yalimrudisha kwenye Euro 2004 nchini Ureno chini ya kocha Köbi Kuhn. Uswisi ilimaliza ya mwisho katika kundi lenye Ufaransa, Uingereza na Croatia, na Chapuisat akaiaga timu ya taifa akiwa na mechi 103 na mabao 21. Hapa ndipo wapinzani wake wana hoja. Türkyilmaz, na kabla yake Max Abegglen, walifunga 34 kila mmoja kwa mechi chache zaidi. Alexander Frei, aliyempokea kijiti na baadaye kumfuata hadi Dortmund, alifika 42 katika mechi 84. Kwa jezi ya taifa Chapuisat hakuwa mfungaji mkubwa kuliko wote, na mara nyingi alisukumwa pembeni kushoto kuwatengenezea wengine. Hata hivyo, UEFA ilipoadhimisha miaka 50 na kuitaka kila nchi mwanachama imtaje mchezaji wake bora wa kipindi hicho, shirikisho la Uswisi lilimtaja yeye. Frei alifunga mengi zaidi; Chapuisat ndiye aliyewafanya makocha wa Ujerumani waanze kuulizia washambuliaji wa Uswisi.

Msimu wa mwisho, 2005–06, aliutumia Lausanne, daraja la pili, kwenye uwanja wa La Pontaise wa ujana wake. Baada ya kutundika daluga aliajiriwa na Young Boys kama msaka vipaji, kazi ya kukaa jukwaani na daftari, inayomfaa mtu asiyependa kuongea. Tarehe 28 Aprili 2018 klabu hiyo, ikiwa na wachezaji wengi ambao idara yake ilishiriki kuwatafuta, ilitwaa ubingwa wa Uswisi kwa mara ya kwanza tangu 1986. Young Boys walipotwaa ule wa 1986, Chapuisat alikuwa kijana wa miaka 16 ambaye bado hajavaa jezi ya Lausanne-Sport.